Fundi Rewaya wa Buzuruga Anastahili Mchoro

Fungua dashibodi ya Haisi yoyote inayopiga ruti barabara ya Musoma, na nyuma ya redio utakuta soketi mbili tatu zinaning'inia bila kazi. Hazijakatika, wala hakuna mwizi aliyeondoka na kifaa chake. Zilitoka kiwandani hivyo hivyo, zimebanwa kwa tepu pembeni ya tita la nyaya. Abiria akiziona anadhani gari limeshachokonolewa. Fundi rewaya wa Buzuruga, jijini Mwanza, aliyelala chali chini ya usukani huku ameshika tochi ya simu, anajua zaidi. Hizo ni soketi za kitu ambacho gari hili halikuagizwa nacho, labda taa za ukungu, labda hita ya abiria wa nyuma ambayo Mwanza hakuna anayeililia.

Haisi za kizazi cha 200, zilizoanza kuuzwa mwaka 2004, zina injini za petroli na za dizeli, gia za mkono na za otomatiki, bodi fupi na ndefu, paa la chini na la juu. Zidisha hayo yote, uongeze matoleo ya masoko mbalimbali, ndipo utaona kiwanda kingelazimika kutunza wayaringi za aina ngapi kama kila gari lingekuwa na yake peke yake. Hakuna stoo inayoweza kubeba mzigo huo. Kwa hiyo wabunifu huchora ukoo mmoja wa wayaringi, wakaamua matawi yapi yawe ya wote na yapi yawe ya baadhi. Pale ambapo soketi ya ziada ni nafuu kuliko kutengeneza toleo jingine, wanaiacha ining'inie. Uamuzi huo unafanyika miezi mingi kabla gari halijaundwa, mbele ya kompyuta, ndani ya mchoro.

Mwanza ina mafundi wanaousoma uamuzi huo kwa vidole. Wanachokosa ni mchoro wenyewe, na zaidi ya hapo wanakosa mafunzo ya kuuchora. Vyuo vya ufundi, kuanzia VETA pale Nyakato ambako si mbali na Buzuruga, vinapaswa kumfundisha fundi umeme kuchora kebo moja pamoja na maumbo na matoleo yake yote kwenye kompyuta, na vimtahini kwa hilo kwa uzito uleule wa kumtahini kuunga waya.

Kwa nini kebo, wakati kuna vitu vingi vya kuchora? Kwa sababu kebo ni msumbufu. Bolti ina umbo moja tangu inapotoka kiwandani hadi inapokazwa kwenye injini; ukishaichora, umemaliza. Kebo dukani imeviringwa, mezani imenyooshwa, ndani ya mashine imepinda mara nne na kupenya katikati ya vyuma. Bado ni bidhaa ileile, ina bei ileile, na inaandikwa mara moja tu kwenye orodha ya manunuzi. Kilichobadilika ni mkao. Lakini kebo ya mita 6 na kebo ya mita 12, hata zikifanana rangi na soketi, ni bidhaa mbili tofauti, kila moja na namba yake. Hizo ni aina. Anayechanganya mkao na aina atanunua kebo ambayo hakuna anayeihitaji, au ataisahau ile inayohitajika. Programu kubwa za uchoraji wa mashine zinaweza kubeba mambo yote mawili ndani ya faili moja. Haziwezi kumwambia mchoraji lipi ni lipi.

Chukua taa za wavuvi wa dagaa. Kwa miaka mingi usiku wa ziwani ulikuwa wa karabai. Siku hizi taa za LED na betri zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, na mafundi wa mialoni wanaziunga wenyewe: betri, swichi, fyuzi, kebo ya nyuzi mbili, taa. Tuseme karakana imepata oda ya taa 50, kila moja na kebo ya mita 12. Kebo hiyo ina mikao mitatu inayojulikana. Ikiwa kwenye boksi imeviringwa. Ikiwa kwenye mtumbwi imefungwa kwenye mti na kushuka hadi kwenye betri. Ikiwa kazini imelala juu ya maji mpaka kwenye boya. Baadaye anatokea mteja anayetaka mita 6, na mwingine mita 24.

Mchoraji anayeanza hufungua faili, akachora msokoto wenye kipenyo cha sentimita 40 na mizunguko 9, kwa kuwa 9 inapendeza machoni na inaenea kwenye boksi. Kila mzunguko unakula kama mita 1.26. Kebo ya kwenye kompyuta, kwa hiyo, ina mita 11.3. Sentimita 70 zimeyeyuka na programu haikulalamika, kwa sababu yenyewe inajua umbo tu. Haijui kwamba waya haunyauki. Zidisha kwa taa 50, na mita 34 za kebo hazimo kwenye oda. Mtu wa manunuzi anaagiza kwa kufuata mchoro, mzigo unafika kutoka Dar es Salaam, na karakana inagundua upungufu ikiwa imebakiza taa tatu. Hakuna aliyeiba.

Dawa yake inajulikana na wachoraji wazoefu wa kila nchi. Urefu uandikwe mara moja, kwenye jedwali, kisha kila mkao ulazimishwe kuufuata. Kipenyo cha msokoto kikibaki sentimita 40, mizunguko itakuwa 9 na nusu, mchoraji apende asipende. SolidWorks, programu iliyoingia sokoni mwaka 1995, ina majedwali ya namna hiyo ndani yake, na toleo lake la 2020 liliongeza uwezo wa kipande kimoja kubadili umbo kila kinapopachikwa bila kuhesabiwa kuwa kipande kipya. Wapinzani wake wana njia zao. Kwa asiye na fedha ya leseni kuna FreeCAD, ambayo ni ya bure kabisa na ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Nayo ina jedwali ndani yake: namba inayoandikwa kwenye kisanduku inaweza kuongoza vipimo vya mchoro mzima.

Faida ya jedwali inaonekana vizuri zaidi upande wa aina. Taa ya wati 24 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampea 2. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, kebo ya mita 12 inapoteza nusu volti na kidogo, kwenda na kurudi. Ikiwa mita 24, inapoteza karibu volti 1.2, yaani sehemu ya kumi ya nguvu yote ya betri inaishia kuupasha waya joto badala ya kuwaita dagaa. Aina ya mita 24 basi inataka waya mnene zaidi. Waya mnene unataka tundu kubwa zaidi kwenye kasha la betri, na mpira mwingine wa kuzuia maji. Pia haupindiki kirahisi. Kebo ya unene wa milimita 8, ambayo mtengenezaji ameandika isipindwe chini ya mara 6 ya kipenyo chake, inataka kona yenye nusukipenyo cha milimita 48. Fundi akiikunja kwa nguvu ili mfuniko ufunge, leo itafunga. Baada ya msimu mmoja wa mawimbi, nyuzi za shaba zitakatika pale pale kwenye kona, ndani ya plastiki ambayo kwa nje haina hata mkwaruzo. Namba moja imebadilika, urefu, na imeburuta nyingine nne nyuma yake. Kichwa cha mtu kinaweza kulibeba hilo kwa taa moja. Kwa oda tatu kwa mpigo, kitachoka.

Kama kuna anayedhani huu ni usumbufu wa karakana ndogo tu, historia ya Airbus itamtoa wasiwasi, au itamwongezea. Ndege yao ya A380 ina nyaya zinazofika kilomita 530. Kwa kulinganisha, reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, pamoja na njia zake za kupishania, ni kilomita 341. Ndege hiyo iliruka kwa majaribio tarehe 27 Aprili 2005, watu wakashangilia. Lakini vipande vya mwili vilikuwa vikiwasili Toulouse, Ufaransa, kutoka Hamburg, Ujerumani, vikiwa na nyaya zake ndani, na mafundi wakagundua kwamba baadhi ya matita hayafiki yanakotakiwa kufika. Hamburg walikuwa wanachorea kwa toleo la nne la programu ya CATIA. Toulouse walikuwa wamehamia toleo la tano. Mabadiliko yaliyofanywa upande mmoja hayakuhamia vizuri upande wa pili. Tena sehemu ya nyaya ilikuwa ya alumini, ambayo haipindiki sawa na shaba, na kila shirika la ndege liliagiza viti, skrini na taa za namna yake; maana yake kila mteja alikuwa na aina yake ya wayaringi.

Mamia ya mafundi wa Kijerumani walisafirishwa hadi Toulouse kuchomoa nyaya na kuziunga upya kwa mikono. Mwezi Juni 2006, kampuni mama, EADS, ilipotangaza ucheleweshaji mwingine, hisa zake zilishuka kwa zaidi ya robo ndani ya siku moja. Julai mkurugenzi mwenza wa EADS, Noël Forgeard, aliondoka, na bosi wa Airbus, Gustav Humbert, naye akaondoka. Aliyemrithi Humbert, Christian Streiff, alidumu takriban miezi mitatu. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa Singapore Airlines tarehe 15 Oktoba 2007, karibu miaka miwili nyuma ya ratiba, na kampuni ilikuwa imeshatangaza kwamba faida itapungua kwa euro bilioni 4.8 hadi kufikia 2010. Wahandisi hao hawakuwa wajinga. Walikuwa na kompyuta bora duniani, ila mchoro mmoja wenye matoleo mengi uligeuka kuwa michoro mingi isiyojuana.

Ziwani kwetu mambo ni yaleyale kwa kipimo kingine. MV Victoria iliundwa Uingereza na kuanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilisimama, ikakarabatiwa, na ikarudi majini mwaka 2020 ikiwa na injini mpya. Meli ya umri ule imeshapita mikononi mwa vizazi vya mafundi, na kila kizazi huacha waya wake. Anayeikarabati meli kama hiyo hukuta nyaya zilizo kwenye ramani na zisizo kwenye ramani, nyaya zilizokufa na zilizo hai zikiwa zimelala njia moja. MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na iliyobuniwa kubeba abiria 1,200, ilishushwa majini Februari 2023 katika bandari ya Mwanza Kusini. Nayo itazeeka. Swali ambalo wabunge na wahariri huuliza kuhusu meli mpya ni la bei na kasi. Ni mara chache kumsikia mtu akiuliza kama faili za michoro ya nyaya zimekabidhiwa pamoja na ufunguo, katika muundo ambao fundi wa Mwanza anaweza kuufungua na kuubadilisha. Karatasi iliyopigwa picha haitoshi. Haibadiliki, na meli hubadilika.

Hata Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita tatu lililofunguliwa Juni 2025, lina somo lake kwa anayependa kutazama nyaya. Zile kebo za chuma zinazoshuka kutoka kwenye minara hazina urefu mmoja tu. Kuna urefu kabla hazijavutwa, na kuna urefu zikiwa zimebeba uzito wa daraja. Mhandisi anayekata kebo anakata kwa kipimo cha kwanza ili apate cha pili. Ni mikao miwili ya kitu kimoja, na kuikosea hakusameheki kwa tepu.

Wapo watakaosema kazi hii ya kuchora na kuunga nyaya ni ya roboti na nchi tajiri. Si kweli. Wayaringi za magari, mpaka leo, kwa sehemu kubwa zinaungwa kwa mikono, kwa kuwa mashine inahangaika kushika kitu kinacholegea. Mwezi Machi 2022, vita vilipofunga viwanda vya kampuni ya Leoni magharibi mwa Ukraine, Volkswagen na BMW zilisimamisha baadhi ya mitambo yake nchini Ujerumani kwa kukosa matita ya nyaya. Leoni hiyohiyo ina viwanda Tunisia na Morocco. Yazaki ya Japani nayo iko Morocco. Hizo ni nchi za Afrika zilizoingia kwenye biashara ya magari ya Ulaya kwa mlango wa waya.

Vifaa vya kazi hiyo vitamshangaza mgeni. Ni ubao mkubwa uliosimamishwa kwa mwinamo, na juu yake umebandikwa mchoro wa wayaringi kwa ukubwa wake halisi, umetandazwa kama samaki aliyepasuliwa. Kwenye kila njia panda kuna vigingi. Mfanyakazi anachukua waya wa rangi iliyoandikwa, anaupitisha kati ya vigingi, anafunga tepu, anasogea. Mchoro huo bapa umetolewa kwenye kompyuta ileile inayoonyesha wayaringi ikiwa imejipinda ndani ya gari. Urefu wa kila tawi ni uleule, mkao ndio tofauti. Ubao wa plaiwudi, misumari na karatasi iliyochapwa kwa ukubwa halisi vinapatikana Mwanza leo mchana. Kinachokosekana ni mtu anayeweza kuutoa mchoro huo bila kupoteza sentimita njiani.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mafundi wenyewe. Fundi rewaya mwenye jina hana shida ya wateja, na anajua kabisa kwamba elimu yake ikiwa kwenye faili, kijana aliyemwajiri ataondoka nayo kwenye flashi. Hofu hiyo ni ya haki. Kuificha ramani kumelisha familia nyingi. Lakini anayeificha anabaki na uwezo wa kutengeneza gari moja kwa wakati mmoja, na akiugua gereji inafungwa. Karakana yenye mchoro inaweza kupokea oda ya taa 50, au ya wayaringi za bajaji 20, ikagawa kazi kwa vijana watano na kila kebo ikatoka sawa na mwenzake. Mkopeshaji naye akiona mchoro na orodha ya manunuzi inayolingana nao, ana kitu cha kukagua zaidi ya maneno.

Kuhusu kompyuta, pingamizi ni dogo kuliko linavyosikika. Mchoro wa taa ya dagaa hauhitaji mashine ya mamilioni. Mbali na FreeCAD ipo WireViz, programu ya bure ambayo mtu anaandika tu kwa maneno soketi gani inaungana na ipi, kwa waya wa rangi gani na urefu gani, nayo inatoa mchoro na orodha ya vifaa. Vyuo vingi hupenda kufundishia programu ghali, pengine kwa nakala zisizo halali, kisha kijana akirudi mtaani hana anachoweza kukifungua. Heri afundishwe kwa ile atakayobaki nayo.

Wala somo lenyewe si la kujua mahali pa kubonyeza. Vitufe hubadilika kila toleo. Kinachodumu ni maswali ambayo mwalimu anapaswa kumrushia mwanafunzi mpaka achoke: hapa umebadilisha aina au mkao? Urefu umeuandika mara ngapi? Orodha ya manunuzi inasema kebo ngapi? Akijibu kwamba urefu ameuandika mara tatu, kwenye faili tatu alizonakili moja kutoka kwa nyingine, tayari ana Hamburg na Toulouse ndani ya kompyuta moja.

Mtihani hauhitaji maabara mpya. Mtahiniwa apewe taa, betri, boya na rola la kebo. Achore aina tatu, za mita 6, 12 na 24, kila moja katika mikao mitatu, ndani ya faili moja, na atoe orodha ya manunuzi pamoja na mchoro bapa wa kubandika ubaoni. Kisha mtahini aguse jedwali mbele yake, ageuze mita 12 kuwa 15, na wote wawili watazame kama mizunguko ya msokoto, unene wa waya, tundu la kasha na urefu wa ubao vimefuata vyenyewe. Mwisho mtahiniwa akatiwe waya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye orodha yake mwenyewe, bila nyongeza, aunge taa na kuipeleka majini. Kebo ikifika kwenye boya, apewe cheti; ikipungua, arudie somo muhula unaofuata.